Kichwa cha Amana

Kofia ilikuwa imembana tena.

Mke wangu aliivua kichwani mwa mtoto kwa ncha za vidole, kama mtu abanduaye plasta kwenye kidonda kibichi, na pale lilipokuwa pindo lake pakabaki mstari mwekundu, kutoka sikio hadi sikio. Mtoto hakulia. Alitutazama kwa macho yaliyokwisha kuanza kuelemewa na paji la uso wake mwenyewe, akatabasamu.

"Baba Tunu, hii ulimshonea lini?"

"Juzijuzi tu."

"Basi juzijuzi yako imekuwa ndogo. Chukua, kaitanue. Upepo wa jioni hii si wa kumwacha mtoto kichwa wazi."

Aliyasema kwa mzaha. Lakini mzaha wa mtu aliyeshinda akilia unajulikana: haufiki mwisho, hukatikia njiani.

Nikautoa uzi mfukoni. Siku Tunu alipozaliwa nilimzungushia uzi huo kichwani, nikafunga fundo zilipokutana ncha zake. Wengine hukimbilia kumpima mtoto uzito; sisi watengeneza kofia hupima kichwa. Nilidhani fundo la pili ningelifunga atakapoota jino. Sasa mafundo yalikuwa yamefuatana kama shanga, na kila moja lilikuwa mbali kuliko lililotangulia. Jioni ile nikafunga jingine. Tukatazamana.

Ya kusema yalikwisha kusemwa na wengine. Sista wa zahanati alipima, akapima tena, akaacha utani wake wote. "Kichwa kinakwenda mbio kuliko mwili," alituambia. "Mpelekeni hospitali kubwa." Majirani nao walikuwa na yao. "Akili hizo! Huyo atakuwa jaji, mtanikumbuka." Tulicheka pamoja nao, maana anayekuchekea mwanao barazani utamfanya nini? Kisha mlango ukishafungwa, mke wangu huweka kiganja juu ya utosi wa mtoto, pale palipo laini, akasikiliza kupwita kwake kama mtu asikilizaye mlango unaogongwa na mgeni asiyemjua.

Nikaichukua kofia, nikatoka.

Karakana yetu iko mwisho wa mtaa ule ule. Ni chumba kirefu chenye dirisha moja, meza iliyoungua kwa pasi, jiko la kuchemshia birika, na rafu. Rafu ndiyo moyo wake. Juu yake zimepangwa kalibu: vichwa vya mti visivyo macho wala midomo, ambavyo kofia ya sufu iliyolainishwa kwa mvuke huvishwa, ikakauka, ikashika umbo. Mteja wa kudumu ana kalibu yake, na kila mtu wa nyumba yetu ana yake. Ya Baba Mdogo na yangu hukaa bega kwa bega, kimo kimoja, mzunguko mmoja. Baba Mdogo ndiye aliyenilea baada ya baba yangu kufariki, na ukoo wetu una kichwa cha namna moja. Mara nyingi tumebadilishana kofia bila kujua. Zinazozitenga kalibu zetu ni alama zilizochongwa chini: yake jogoo, yangu kalamu.

Na ilikuwapo sheria. Kalibu ya mtu ikishachongwa haiguswi tena na chuma. Mtu akinenepa, kalibu yake huzungushiwa ukanda wa ngozi. Akikonda, huchongewa nyingine, kwa mti mpya. Akifa, kalibu hupewa watu wake, na ya asiye na watu hubaki rafuni, imeelekezwa ukutani. Mafundi wa zamani walipoulizwa sababu, walisema mti mkavu hupasuka. Walipoulizwa tena, walibadilisha mazungumzo.

Nilipofungua mlango jua lilikuwa linazama. Baba Mdogo alikwisha kwenda zake. Nikawasha jiko, nikateleka birika.

Ndipo nilipoisikia harufu.

Haikuwa ya gundi, wala ya sufu iliyolowa. Ilikuwa harufu ya mti uliokatwa sasa hivi. Na karakanani humo sikuwa nimeona mti ukichongwa tangu alipoondoka Mzee Randa.

Mzee Randa ndiye aliyezichonga kalibu zote zile, ila ya Tunu. Jina lake halisi wengi tulilisahau. Aliitwa kwa chombo chake, randa ndogo ya kuenea kiganjani, iliyong'aa kwa jasho la mkono wake. Alikuwa rafiki wa babu yangu, akilala chumba cha nyuma cha karakana kwa ahadi ya babu kwamba hatatolewa mle ila kwa jeneza. Alipochonga, alipitisha kidole gumba juu ya mti kutoka paji hadi kisogo, akafumba macho, akanong'ona, "Bado kidogo." Akaparuza. Akapitisha gumba tena. "Bado kidogo." Tulipokuwa watoto tulimwigiza. Tukiitwa kuoga tulijibu "Bado kidogo," tukachapwa.

Babu alipofariki nilikuwa mbali, masomoni. Niliporudi nikakuta chumba cha nyuma kimejaa marobota ya sufu, na mzee amekwisha kuzikwa. Homa, niliambiwa. Sikuambiwa zaidi.

Nikaishusha kalibu ya Tunu. Baba Mdogo mwenyewe ndiye aliyetuletea kalibu hiyo mtoto alipozaliwa, ndogo, laini, imechongwa ua chini yake. Nilijua haimtoshi tena. Nilitaka kuizungushia ngozi, nivishe kofia, niitanue kwa mvuke.

"Hodi…"

Sauti ilikuwa nyembamba, kama ya mtu anayesemea ndani ya chupa.

"Karibu, mzee. Tumefunga, lakini karibu."

Aliingia mtu mrefu, mpana wa mabega, ndani ya koti zito. Kichwa chake kilizungushiwa mtandio wa kijani wenye pindo lililoungua. Akaenda moja kwa moja kwenye kigoda cha wateja. Kigoda kile kina mguu mbovu, na kila anayekikalia mara ya kwanza huyumba, tukacheka, akacheka naye.

Yeye hakuyumba.

"Nataka kofia," alisema.

"Ya namna gani, mzee?"

"Ya kunienea."

"Njoo kesho basi. Futi ya kupimia anayo Baba Mdogo. Huondoka nayo shingoni, kama daktari na mpira wake."

"Una uzi mfukoni."

Birika lilianza kuvuma. Mkono wangu ukaingia mfukoni bila kuniuliza.

Akaanza kuufungua mtandio. Akazungusha… akazungusha… Nguo ilikuwa nyingi, na kila mzunguko ulipoachia, kilichokuwa ndani kilizidi kuwa kidogo. Nikataka kumwambia aache. Nikataka kumwambia kwamba kofia nitamtengenezea kwa kukisia, aende nayo, asinilipe.

Mzunguko wa mwisho ukaanguka.

Juu ya mabega yale mapana palikaa kichwa cha ukubwa wa kichwa cha mtoto mchanga.

Hakikuwa cha mtoto. Kilikuwa na mvi. Kilikuwa na makunyanzi, kila kunyanzi mahali pake, yote yamesogezwa karibu karibu kama maandishi yaliyobanwa ukingoni mwa karatasi. Na kutoka paji hadi kisogo kilipitiwa na michirizi mirefu, iliyonyooka, myeupe.

Michirizi ya randa.

"Pima."

Nilipima. Vidole vyangu viligusa ngozi kavu, ngumu, yenye nyuzi za mti. Nikauzungusha uzi. Ncha yake ikafika kwenye fundo la kwanza, lile la siku ya kuzaliwa Tunu. Haikukaribia fundo. Ilikaa juu yake.

Mzee akafumba macho.

"Bado kidogo," alinong'ona.

Nikamjua. Na ulimi wangu, kwa mazoea tu, ukatoa salamu.

"Shikamoo…"

"Marahaba, mwanangu. Igeuze hiyo kalibu."

Nikaigeuza kalibu ya Tunu. Lilikuwapo ua la Baba Mdogo. Nikaisogeza kwenye mwanga wa jiko. Chini ya ua, pembeni, ilibaki nusu ya alama nyingine, ya zamani, ambayo chuma hakikuimaliza: mpini wa randa.

"Kichwa changu," alisema. "Nilikiacha rafuni. Niliwaambia wasikiguse. Amekiparua mpaka kikawa hivi, na mimi kule nilikolala nikawa hivi."

"Na mwanangu? Mwanangu amekukosea nini?"

"Sina ugomvi na mtoto. Kilichoparuliwa kwangu nimekiweka amana juu ya mabega yake. Mahali pengine sikupata."

"Amana hiyo inamuua, mzee!"

"Amana humlemea aliyeishika." Aliinama karibu yangu, na harufu ya mti ikanijaa puani. "Nitaichukua siku aliyenipunguza atakapopunguzwa. Naye yuko rafuni, karibu yako."

Birika likafurika. Maji yalimwagika jikoni, mvuke ukapanda, chumba kikawa cheupe. Nilipopata kuona tena, kigoda kilikuwa kitupu.

Juu yake palikuwa na maranda. Mabichi.

*

Mke wangu alinisikiliza akiwa amemlaza mtoto pajani, kiganja chini ya kisogo, maana shingo ya Tunu ilikuwa haikibebi tena kichwa chake. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu.

"Mtandio ulikuwa wa rangi gani?"

"Kijani. Pindo limeungua."

"Niliuunguza mimi, kwa pasi. Ni wangu."

Ndipo aliponieleza nisiyoambiwa. Siku ile mvua ilikuwa inanyesha. Baba Mdogo alimtoa Mzee Randa hadi kizingitini, mbele ya wateja, akisema kwamba ameiba sufu. Hakukuwa na sufu iliyopotea, alikitaka chumba. Kisha akamvua mzee kofia kwa mkono wake. "Hii ni ya karakana," alimwambia, "na kichwa unachoivalia hakina kazi tena hapa." Watu walitazama viatu vyao. Mke wangu, mjamzito wa Tunu, akauvua mtandio wake, akatoka mvuani, akamfunika.

"Aliniambia, 'Ukizaa, kalibu ya kwanza nitakuchongea mimi,'" alisema. "Hakuwahi. Homa ilimchukua kabla nguo zake hazijakauka."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungefanya nini? Ungenyamaza kama wote walivyonyamaza. Baba yako mdogo akikohoa, nyinyi wote mnasema 'Afya.'"

Asubuhi tulikwenda hospitali kubwa. Daktari alikuwa mama mpole, mwenye mikono ya baridi. Alituonyesha kwenye picha maji yaliyojikusanya ndani ya kichwa cha mtoto, akasema kwamba yasipopata njia yataubana ubongo, kisha uhai. Atafanyiwa upasuaji, awekewe mrija. Tumlete wiki inayofuata, alazwe. "Ni mdogo sana," aliongeza kwa sauti ya chini, "lakini tukingoja, hatutakuwa na cha kungojea."

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja karakanani.

Baba Mdogo alikuwa mezani, futi shingoni, kofia yake ya kahawia imemkaa kama kifuniko juu ya sufuria yake.

"Baba Mdogo, kalibu ya Tunu uliichonga kwa mti gani?"

"Mti mzuri."

"Ulitoka wapi?"

"Umekuwa bwana misitu siku hizi?"

"Ilikuwa kalibu ya Mzee Randa."

Alicheka. Nilitaraji akane, badala yake alicheka, akaipiga meza kwa kiganja. "Basi umejua! Mti mkavu, wa miaka na miaka, umekaa rafuni unautazama ukuta. Ningetafuta gogo jipya la nini? Halafu mzee mwenyewe alikuwa na kichwa kikubwa, akijiona yeye ndiye karakana. Nimempunguza."

"Kwa chuma?"

"Kwa randa yake mwenyewe. Ilikata vizuri."

"Na maranda yake?"

"Yalichemsha chai. Nawe ulikunywa, ukaisifu."

Nikapiga goti kando ya meza.

"Baba Mdogo, nakuomba. Nakuangukia. Twende kaburini ukamtake radhi. Mtoto anakwisha."

"Mimi? Nimtake radhi mwizi?" Kicheko kilimtoka usoni. "Mtoto ana maji kichwani, nimesikia. Peleka mtoto hospitali, mwanangu, usiniletee mambo ya kaburini. Na huyo mzee wako, ukimwona tena, mwambie aje kwangu. Mimi si nipo?"

Akaisukuma kofia yake nyuma kidogo, akaendelea kupiga pasi.

*

Jua lilipoanza kuzama, mke wangu alimfunga Tunu kifuani, akatangulia mbele. Sikuuliza tunakwenda wapi.

Karakanani hatukuwasha taa. Jiko lilitosha. Tulikaa tukisikiliza mtaa ukinyamaza, mlango mmoja baada ya mwingine. Tunu alipumua kwa shida, kwa mikoromo midogo, mithili ya paka mgonjwa.

Harufu ya mti ikaja kwanza.

Kisha tukamwona ameketi kigodani. Mlango haukuwa umefunguliwa.

Mke wangu hakupiga kelele. Alipiga goti kidogo, kama tunavyowaamkia wakubwa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, binti. Mtandio wako haujakauka bado. Kule ni kwenye unyevu."

"Nataka mwanangu."

"Najua."

"Tufanye nini?" niliuliza.

Alikielekeza kidole kwenye rafu. "Mkono wa kaburini haushiki chuma. Nimejaribu. Mkono uwe wa aliye hai, na randa iwe ile ile."

Randa ilikuwa ubavuni mwa rafu, mahali ilipokuwa siku zote. Nikaichukua. Nikaishusha kalibu, nikaipapasa chini: jogoo. Ya Baba Mdogo. Niliikumbatia kwa mkono mmoja, nikauweka ulimi wa randa kwenye paji.

Nikakumbuka mkono uliowahi kunishika kwenda shule. Nikakumbuka kofia yangu ya kwanza, na nani aliyenivisha, na jinsi alivyorudi nyuma akanitazama akasema, "Sasa umekuwa mtu." Chuma hakikuuma mti.

"Mzee… hakuna njia nyingine?"

Mzee Randa alimtazama mtoto. Tunu akakoroma, akanyamaza… akanyamaza mno.

"Mshike mtoto," alisema mke wangu.

"Mama Tunu…"

"Mshike mtoto, nimesema!"

Alinipa mtoto, akaninyang'anya kalibu na randa. Akakaa chini, akaibana kalibu baina ya magoti yake kama mtu anayemnyoa mtoto mtundu. Hajawahi kuchonga maishani mwake. Akauegemeza ulimi wa randa kwenye paji, akavuta.

Kwaruu…

Maranda ya kwanza yakajikunja, yakaanguka.

"Bado kidogo," alinong'ona mzee.

Kwaruu…

"Bado kidogo."

Kwaruu… kwaruu…

Tunu akavuta pumzi kifuani mwangu. Ndefu. Safi. Ya kwanza ya aina hiyo kwa muda mrefu. Nikauweka uso wangu juu ya utosi wake, nikalia kama mjinga. Nilipoinua macho niliona kichwa cha mzee kikijaa polepole, kama mkate ndani ya tanuri: mashavu yakirudi, makunyanzi yakiachana, michirizi ikizibika. Alikuwa anarudi kuwa yule tuliyemwigiza.

Akapitisha gumba kwenye paji lake mwenyewe, hadi kisogo. Akafumba macho.

"Basi," alisema. "Inatosha."

Kwaruu…

"Inatosha, binti. Nimeridhika."

Mke wangu hakuinua uso. Nywele zilikuwa zimemfunika, maranda yamemjaa mapajani. Alipitisha gumba lake juu ya mti, polepole, mahali hasa mzee alipokuwa akipitisha lake.

"Bado kidogo," alisema.

Nilimwona Mzee Randa akiinuka. Nilimwona akimtazama mke wangu, na usoni mwake mlikuwa na kitu ambacho sikutaraji kukiona kwenye uso wa maiti.

Hofu.

Kisha kigoda kikawa kitupu, na juu yake umekunjwa vizuri mtandio wa kijani. Mkavu.

*

Jioni ya kesho yake nilimzungushia Tunu uzi. Ukakutana na fundo la jana. Siku iliyofuata, fundo lile lile. Wiki ya kulazwa ilipofika daktari alimpiga picha mpya, akaiweka karibu na ya kwanza, akavua miwani. "Yameanza kushuka yenyewe," alisema. "Hutokea. Mara chache, lakini hutokea. Maji hupata njia yake." Mrija haukuwekwa. Mwili wa Tunu ukaanza kukifuata kichwa chake, shingo ikapata nguvu, na majirani wakarudisha ujaji wake mahali pake.

Baba Mdogo ndiye aliyeanza kulalamika.

"Nani anaichezea kofia yangu?" alifoka asubuhi moja. Ilikuwa imemshuka hadi kwenye nyusi. Aliishindilia magazeti ndani, akafanya kazi. Baada ya siku kadhaa magazeti hayakutosha. Wateja walimtania: "Fundi, umekonda mpaka kichwani?" Alicheka nao mwanzoni. Kisha sauti yake ikaanza kuwa nyembamba, akawa hacheki. Akaacha kuja mchana. Akaacha kuja.

Nilimwona jioni moja, jua likizama. Nilikuwa nikipiga pasi, nikasikia hodi mlangoni, ya sauti ndogo, kama ya mtu anayesemea ndani ya chupa. Nilijua ni nani kabla sijageuka. Kichwa alikuwa amekizungushia shuka la kitandani. Aliketi kigodani, na yeye aliyekikarabati mguu wake mara nyingi, akayumba.

"Mwanangu… unipime."

"Baba Mdogo, nenda hospitali."

"Nimekwenda. Wamesema hawaujui ugonjwa huu." Alikuwa analia, nilisikia, ingawa sikuona. "Nilikwenda kaburini. Nimemtaka radhi. Nimepiga magoti matopeni, nimelala pale kutwa. Najua amenisikia, mwanangu, najua. Lakini inaendelea. Kila siku nasikia kitu kinapita hapa…" Akaonyesha kwa kidole, kutoka paji hadi kisogo. "Kwaruu… Kwa nini inaendelea?"

Sikumpima. Nilimpeleka hadi kwake, nimemshika mkono, kama alivyowahi kunishika.

Niliporudi nilikwenda rafuni. Kalibu yenye jogoo haikuwapo. Niliitafuta chini ya meza, nikaitafuta kwenye marobota ya chumba cha nyuma, nikaikuta nyumbani, chini ya kitanda chetu, imeviringishwa katika mtandio wa kijani. Ilikuwa imebaki kama embe. Maranda yaliyoizunguka yalikuwa ya siku ile ile.

Mke wangu alikuwa mlangoni, akinitazama.

"Yeye mwenyewe alisema basi," nilimwambia. "Ulimsikia. Alisema ameridhika."

"Yeye alisema," alijibu. "Mimi sijasema."

"Mama Tunu, mtoto amepona."

"Ndiyo. Na wewe uliposhika randa, ulisitasita." Hakuwa na hasira. Alinitengeneza kola ya shati kama afanyavyo kila siku. "Njoo ule, chakula kinapoa."

Baba Mdogo tulimzika mwezi uliofuata. Waliomwosha hawakutaka kusema lolote, na mmoja wao ameacha kazi hiyo. Kalibu yake sikuiona tena. Nilipouliza, mke wangu alisema kuni zilikuwa zimekwisha.

Jana, wakati wa kuwasha taa, nilikuwa nimempakata Tunu karakanani. Sasa anakaa mwenyewe, anacheka, ana meno. Alikuwa hajawahi kutamka neno. Daktari alisema tusimharakishe, watoto waliopitia aliyoyapitia huchelewa. Mama yake alikuwa karibu na rafu akipangusa vumbi. Kalibu yangu imekaa peke yake mahali zilipokuwa mbili.

Tunu aliniangalia usoni kwa muda mrefu. Akakiinua kidole gumba chake, kidogo, cha joto, akakiweka juu ya paji langu. Akakivuta nyuma taratibu, juu ya utosi, mpaka kisogoni.

Akafumba macho.

"Bado kidogo," alisema mwanangu.

Kule rafuni, kitambaa cha vumbi cha mama yake kilisimama juu ya kalibu yangu.